Kidole cha Dada Kipimo

Dada yangu humjui? Basi ndo maana unanunua nyama hovyo hovyo.

Dada ana bucha pale sokoni, upande wa wauza mboga, na soko zima linamwita Kipimo. Siyo kwa ajili ya mizani. Mizani yetu yenyewe haijielewi, mpaka uipige kofi ndo inakumbuka kazi yake. Kipimo ni ulimi. Dada anatengeneza madonge ya nyama ya kusaga, yale ambayo mteja anabeba nyumbani, anatia kwenye mafuta, anakula, anasahau matatizo yake. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, chumvi. Kijiko cha kupimia hana. Anachota kwa mkono, anamwaga, anakanda mpaka viwiko, halafu anasimama kimya anaangalia dari kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Na mimi naangalia dari. Sijui naangalia nini, ila dada yako akikodoa macho juu hivyo, na wewe utakodoa. Halafu anasema, "Bado tangawizi." Anaongeza. Anaangalia dari tena. "Haya, imekubali."

Na ikikubali, imekubali. Hata wenye mabucha yao walikuwa wanatuma watoto waje kununua kwetu kwa siri, na tulikuwa tunawajua, na tulikuwa tunawauzia huku tunacheka.

Mimi ni mdogo wake wa kike, mifupa ni yangu. Nilipewa shoka kwa sababu ya hasira zangu, maana dada anasema afadhali ziishie kwenye paja la ng'ombe kuliko kwenye shingo ya mteja. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa makochi, mtu mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu anaomba radhi yeye. Na kulikuwa na paka, dume la rangi ya machungwa, nene, tunaliita Diwani, kwa sababu linapita meza hadi meza, kila mahali linapewa, na hakuna aliyewahi kuliona likifanya kazi.

Basi dada akapata mimba. Walikuwa wameitafuta muda mrefu, wewe. Shemeji hakungoja hata tumbo lionekane vizuri, akaanza kutengeneza kikochi cha mtoto kwa mabaki ya vitambaa, huku chekundu, huku cha maua, huku chui. Kibaya! Lakini kila aliyeingia karakana alionyeshwa kikochi kwanza, ndo aseme shida yake.

Halafu asubuhi moja dada akaweka kisu chini. Akashika ukingo wa meza. Akaniambia polepole, "Nifungie duka."

Dada hajawahi kufunga duka. Hata alipofiwa na shangazi aliuza mpaka mchana ndo akaenda kulia. Nikajua. Mimba ikatoka siku hiyo hiyo hospitali, na hapo sitakaa sana, kwa sababu kuna vitu vya mtu vinabaki vya mtu. Shemeji akakifunika kikochi kwa shuka, akakipandisha juu ya kabati, akarudi akakaa chini. 

Waliosema ni wengine. Muuza nyanya wa jirani, mama mzima, namsikia anamwambia mwenzake, "Mwanamke anashinda kwenye damu mchana kutwa, unategemea nini? Ng'ombe nao wana machozi yao." Nikamfuata nimwulize vizuri. Sasa shoka nilikuwa nimelisahau mkononi, kwa kweli nilikuwa nimelisahau, lakini alivyoruka tenga la vitunguu na umri ule wake sikuona haja ya kumweleza.

Hospitali walikuwa wamemtoa dada damu. Siku ya majibu nikaenda naye, nimejiandaa kugombana na yeyote. Kumbe daktari ni kijana tu, miwani mikubwa, sauti ya upole, hana wa kugombana naye. Akatuambia kwenye damu ya dada kuna ugonjwa, jina lake refu kama treni, toksoplazimosi. Ni kidudu, tena kidogo hukioni kwa macho. Mtu mzima anaweza kuwa nacho asijue, labda ahisi kama mafua tu, yakapita. Lakini mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kinaweza kumfuata mtoto huko ndani.

"Siwezi kukuapia kwamba ndicho kilichoitoa," akasema. "Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Lakini damu inaonyesha kimeingia karibuni, ukiwa mjamzito. Nakishuku sana. Na sikiliza, dada, siyo laana, siyo uchawi, siyo kubeba nyama. Huna kosa."

Dada hakumwuliza jina la dawa, hakuuliza kitu kingine. Aliuliza moja tu. "Nitazaa?"

"Sioni sababu ya kukwambia hapana. Mwili ukishapigana na hiki kidudu, mara nyingi unakijua, hakiusumbui tena hivyo. Kwanza dawa, halafu tusubiri kidogo, nitakwambia lini. Lakini lazima tujue kilipitia wapi. Mlango uliokiingiza hiki unaingiza na wenzake."

Akaanza kuuliza. Mboga mnaosha? Tunaosha. Maji ya kunywa mnachemsha? Tunachemsha. Unalima, unashika udongo? Hapana. Nyumbani kuna paka?

Tukaangaliana.

"Yuko mmoja," dada akasema. "Wa dukani. Lakini anakuja na nyumbani."

"Anakula nini?"

"Vipande vya nyama tunavyotupa."

"Vibichi? Na choo chake kiko wapi?"

"Daktari," nikasema, "huyo ni Diwani, anachagua mwenyewe."

Daktari akaandika. "Na wewe, dada, nyama mbichi unakula? Au iliyoiva nusu?"

Hapo dada akacheka. Cheko la kwanza tangu siku ile, mpaka nikataka kumkumbatia daktari. "Mimi? Mimi fisi? Kwangu mimi nyama inachemka mpaka iache ubishi!" Na ni kweli kabisa, nyama ya nyumbani kwa dada unaikata kwa kijiko. Nikanyoosha mkono juu nikamwapia daktari na mimi. Nyama mbichi, dada yangu? Labda mwisho wa dunia.

Basi, ni paka.

Tulimweleza mama mkwe wake yote, kidudu, damu, maji, mboga. Yeye akasikia paka. Ni mama mfupi, mpana, anatembea kama gari linamwacha. Kesho yake asubuhi huyu hapa sokoni, gunia begani.

"Yuko wapi huyo muuaji?"

"Mama, taratibu," shemeji akaanza.

"Wewe kaa na makochi yako! Mjukuu wangu! Yuko wapi?"

Diwani alikuwa juu ya friji, anajilamba. Akaliona gunia. Jamani, sijui paka wanajuaje gunia. Akaruka kwenye meza, kwenye mizani, na mizani ikasoma uzito wake bila kupigwa kofi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, halafu akatua katikati ya nyanya. Mama mkwe nyuma yake. Nyanya zinabingirika, muuza nyanya anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!", watu wanakuja na fimbo wanauliza mwizi yuko wapi, mama mkwe anaonyesha chini ya meza. Mtu mmoja akapiga magoti, akachungulia, akasema, "Mama, huyu ni paka." Akajibiwa, "Ndo huyo huyo! Mshike!" Mwisho wake akanaswa kwa kipande cha pafu, kama wanasiasa wote wanavyonaswa. Akatiwa guniani, akapelekwa kwa dada wa mama mkwe, ng'ambo ya mji, akalinde ghala la mahindi. Mara ya kwanza kupewa kazi.

Dada hakubisha. Alisema tu, "Mpeni na maziwa," akarudi kukanda.

Akaanza dawa. Sokoni kukatulia. Sisi tukajiona tumemaliza, muuaji yuko jela, kilichobaki ni kusubiri.

Sasa, siku moja nikaamka shingo imekaza. Nililala vibaya, hata kugeuka siwezi, kazi zote nafanya nimeinama kama mbuzi anayekunywa maji. Dada anakanda. Akamaliza, akasimama kimya, akainua macho kwenye dari.

Mimi siwezi kuinua. Shingo imegoma. Macho yangu yakabaki palepale yalipo, kwenye beseni.

Na nikaona kidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kilizama kwenye nyama, kikatoka na kidonge, kikapanda mdomoni, kikarudi kitupu. Haraka! Ulimi wa kinyonga unasubiri.

"Bado chumvi," dada akaiambia dari.

"Wewe dada!"

"Nini?"

"Umekula!"

"Nimekula nini?"

"Nyama! Mbichi! Sasa hivi hapa!"

"Shingo imepanda kichwani? Sijala kitu tangu chai."

"Kidole kimeingia mdomoni! Nimekiona!"

"Aaa." Akapunguza sauti kama anamwelekeza mtoto. "Hapo nimeonja."

"Kuonja ndo nini?"

"Kuonja ni kuonja. Nani anakula kwa kidole? Mpishi akionja mchuzi, utasema ameshiba?"

"Dada, mchuzi umeiva!"

Akafungua mdomo ajibu.  Akakishusha kile kidole mbele ya macho yake, akakiangalia kama cha mtu mwingine, kama mtu amekisahau hapo mkononi mwake akaondoka. Mashine ya kusaga ilikuwa inazunguka tupu, inalia vuu, hakuna aliyeizima. Dada akakaa juu ya ndoo.

"Kila beseni," akasema. "Kila siku. Na siku zile nilikuwa na hamu ya chumvi, nilikuwa naonja hata mara mbili mbili."

Nikaona macho yanajaa. Mimi kubembeleza sijui, najua kugomba tu. Nikagomba. "Ulijua? Sema, ulijua? Kuna mtu alikwambia? Mama alikuwa anaonja hivyo hivyo, bibi alikuwa anaonja hivyo hivyo, na mimi mdogo wako nimekaa hapa miaka yote naangalia dari kama mjinga! Usinililie hapa. Daktari amesema huna kosa. Nani aliyekosewa hapa? Mwenye kesi hapa ni Diwani! Kafungwa bila ushahidi!"

Akanitazama. Kitu kikamponyoka puani, nikadhani kilio, kumbe cheko. Likamshika, likamwangusha kwenye ndoo. Na mimi nikacheka, na shingo inauma, kila nikicheka inauma, nikilia "shingo yangu!" yeye ndo anazidi. Mteja akaja akasimama, akatuangalia wawili tumekaa sakafuni tunafutana machozi na aproni zenye damu, akaondoka taratibu kinyumenyume.

Daktari tulipomwambia alivua miwani akaifuta, mabega yanamcheza. "Dada, kidudu hakijui tofauti ya kuonja na kula."

"Sasa nimeelewa."

"Nilikuuliza vibaya. Kuanzia leo nitawauliza wanawake wote hivi: unaonja?" Halafu akawa makini. Nyama mbichi isiguse mdomo kabisa. Mikono kwa sabuni kila ukitoka kwenye nyama. Kibao cha nyama siyo kibao cha mboga. "Na huyo paka simwachii huru moja kwa moja. Akirudi, ale vilivyopikwa. Awekewe mchanga wake, na mchanga usafishwe kila siku, kwa glavu. Siyo wewe. Mtu mwingine."

Wote wawili wakanigeukia. Ndivyo nilivyopata cheo, ofisa wa choo cha Diwani.

Mama mkwe alikwenda mwenyewe kumtoa. Gunia lile lile. Akamfungulia dukani, akamwekea sahani ya pafu lililoiva mpaka limelegea, akasema, "Nisamehe, baba, nilisikia vibaya." Diwani akanusa, akamgeuzia mgongo. Huko ng'ambo alikuwa amenenepa zaidi, na panya, tuliambiwa, walikuwa hawajambo wote.

Lakini sasa kazi. Jamani! Bila kuonja dada alikuwa kama dereva aliyefungwa kitambaa. Beseni la kwanza, mwalimu wa udereva, mteja wetu wa siku zote, akarudi na donge kwenye mfuko. "Kipimo, umehamia baharini? Nimekunywa maji mpaka nimeshindwa kulala." Beseni la pili dada akaogopa chumvi. Mwalimu akarudi tena. "Leo nimetafuna godoro." Wengine hawakurudi hata kulalamika, na hao ndo wanaouma. Watoto wa yale mabucha mengine hatukuwaona tena.

Na kidole hakikubali! Hakina masikio. Dada akikanda, akisahau tu, huyo anapanda. Mimi kofi! Anapanda, kofi! Nikakifunga bendeji. Kidole cha pili yake kikachukua zamu. Soko zima likajua. Ukipita unasikia wateja kwenye foleni, "Kipimo! Kidole!" Hata muuza nyanya, yule yule wa machozi ya ng'ombe, akawa anatupa jicho kutoka kwake, anapaza sauti, "Mwanangu, kidole hicho!" Nikaamua kumsamehe. Nusu.

Jioni moja tumekaa tumenuna, beseni zima limebaki, mama mkwe anapendekeza soksi mkononi, mimi napendekeza dada aache madonge auze mifupa. Shemeji alikuwa pembeni anakula karanga. Akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "Lakini si ungekaanga kidogo kwanza?"

Tukamgeukia.

"Kidonge kimoja," akasema, ameshaanza kuogopa. "Ukikaange kiive kabisa. Uonje hicho. Halafu uongeze unachotaka kwenye beseni. Au siyo?"

 Watu wazima watatu, tumepigana na kidole wiki na wiki, na bendeji, na makofi. Mama mkwe akampiga begani. "Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Hamkuniuliza, mama."

Kesho yake jiko dogo la gesi likawashwa kando ya mashine, na kikaango cha yai moja. Dada akatia kidonge, kikalia chwaa, akakigeuza mpaka kikawa kahawia ndani na nje. Akanawa, akakichukua, akakipuliza, akakitia mdomoni. Macho kwenye dari. Foleni nzima imebana pumzi.

"Imekubali."

Na harufu ile, wewe! Ikatembea mpaka kwa wauza ndizi. Watu wakaja kwa pua. Mwalimu wa udereva akanunua mara mbili siku moja. Watoto wa yale mabucha wakarudi, wakatuletea na salamu za mabosi wao.

Siku daktari aliposema sasa mnaweza kujaribu, shemeji aliona aibu mpaka akajigonga mlangoni wakati wa kutoka. Haikuchukua muda. Mimba ikaingia, damu ikapimwa, daktari akasema kidudu ni kile kile cha zamani, kimelala, hakuna kipya. Dada akatulia hapo? Hakutulia. Alikuwa anatembea kama amebeba yai kwenye kijiko. Na kadiri tulivyokaribia ule mwezi wa safari iliyopita, hata mimi nikawa nakata mifupa polepole.

Ukafika. Asubuhi, naiona mpaka leo. Dada akaweka kisu chini. Akashika ukingo wa meza. Akasema polepole, "Nifungie..."

Shoka likanidondoka. Moyo ukanidondoka. Nikaruka meza sijui vipi.

"...nifungie aproni, imefunguka nyuma, mikono imejaa nyama."

Nilimgombeza siku hiyo! Nilimgombeza yeye, aproni, aliyeshona aproni, na mteja aliyejaribu kuamua. Dada anacheka ameshika tumbo, na tumbo lipo, linacheka naye. Niligomba mpaka nikaishiwa, nikamfungia vifundo vitatu, nikaenda nyuma ya friji nikalia peke yangu na Diwani.

Mwezi ule ukapita. Na mwingine. Na mingine yote.

Ni msichana. Ana mashavu, ana sauti, na hasira, daktari anasema, sijui katoa wapi. Shemeji akakishusha kikochi juu ya kabati, akakifuta vumbi, chekundu, maua, chui. Bado ni kibaya. Mama mkwe akaingia akamkuta Diwani amelala hapo kwanza, akaanza kutafuta gunia.

Dada amerudi kazini juzi. Mtoto nilikuwa nimembeba mimi, mikono nimeosha, usiniangalie hivyo. Dada akakanda mpaka viwiko. Akakaanga kidonge, akanawa, akakipuliza, akakila, akainua macho kwenye dari. Mtoto akamwona mama yake, na yeye akainua macho kwenye dari. Na mimi. Na mwalimu wa udereva, na muuza nyanya kule kwake, na foleni yote, shingo juu, kimya.

"Bado tangawizi," dada akasema.